Volani yetu: tuivike kava ama tuiache?

Leo hatuandiki juu ya posho wala mahojiano ya kuhamishwa. Tunaandika juu ya kava ya usukani, au volani kama tunavyosema wengi wetu kutoka Kongo. Msicheke. Hili jambo limekula mikutano mitatu ya kikundi.

Gari ni ya wote. Tuko kumi na mmoja hapa Nakivale, Wakongomani saba, Warundi watatu, na dada mmoja Msomali ambaye ndiye anashika daftari la pesa. Tuliweka akiba kila Jumamosi kwa miaka miwili na nusu, tukanunua Toyota ya zamani, inabeba watu na mizigo kati ya Base Camp na Mbarara. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Barabara ndiyo haijasoma sheria: kiangazi ni vumbi, mvua ikinyesha ni matope.

Siku ya kununua tuliikuta imevaa kava nyeusi ya manyoya. Mita ilionyesha kilomita 96,000. Yaya, dereva wetu, hata boneti hajafungua, akasema: "Kwanza muvue hiyo kitu." Chini yake volani ilikuwa imechubuka pande zote mbili pale mikono inaposhika, inanata kama ganda la embe. Pedali ya breki nayo mpira wake ulikuwa umelika mpaka umekuwa laini. Yaya akatueleza kwa sauti ya chini, mwenye gari asisikie: mita mtu anaweza kuirudisha nyuma, lakini mahali mikono ya watu imepita miaka mingi hapafichiki, labda upafunike. Basi tukajadiliana upya, tukapunguziwa pesa ya kutosha tairi mbili. Mwenye gari akacheka, akatuachia na kava yenyewe bure.

Sasa hapo ndipo maneno yalianza. Dada wa daftari alitaka irudishwe. Abiria akiona volani imechunika, alisema, anafikiri na breki ni hivyo hivyo, anashuka anaenda gari ingine. Ni kweli, tumeshawaona. Tena jua la mchana likipiga kwenye kioo, ile plastiki ya zamani inalainika na kushika mikono kama gundi.

Lakini ile kava ilikuwa inacheza. Ukikata kona, mkono unaenda na kava, volani inabaki nyuma kidogo. Kwenye vilima vya Isingiro, wakati wa matope, hicho "kidogo" ni mtaro. Na Yaya hana vidole viwili vya mkono wa kushoto. Hatumuulizi vilibaki wapi. Kila mtu humu ana kitu ambacho haulizwi. Mtu mwenye vidole vyote anaweza kukamua kava isiteleze. Yeye anashika kwa vitatu na kiganja. Alituambia pia kwamba volani inamsemesha: tairi ikipungua upepo anaisikia mkononi kabla ya sisi kuisikia kiunoni. Manyoya mazito yanameza hiyo sauti.

Tungeiacha uchi basi? Hapana. Ule ukingo uliopasuka ulikuwa unamkwaruza kiganja, jioni anakula ugali kwa kijiko.

Halafu mdogo wetu mmoja, ambaye kwenye mikutano huwa hasemi kitu, akauliza: "Tukiivika leo, siku ya kuiuza tutaivua?" Kimya. Mmoja akasema biashara ni biashara. Mwingine akamkumbusha kwamba mnunuzi anaweza kuwa kikundi kingine cha hapa hapa, nao wanahesabu sarafu Jumamosi. Tulibishana mpaka giza. Mwishoni dada aliandika kwenye daftari: siku ya kuuza, kava inavuliwa kabla mtu hajauliza. Yule wa biashara aliguna, lakini alisaini.

Ya dukani inauzwa shilingi 20,000. Tatizo ni kwamba nyingi zimetengenezwa kwa volani ya sentimita 37 au 38 kutoka ukingo mpaka ukingo, na watu hununua kwa macho. Pimeni kwanza kwa utepe wa fundi cherehani. Sisi tulikwenda kwa fundi viatu wa sokoni, Mrundi, akakubali kushona ngozi nyembamba kuzunguka ukingo kwa mkono, ivutwe isicheze, kwa 45,000. Kura: saba kwa nne. Wale wanne walitaka ile tofauti iingie kwenye oili, na hatusemi walikuwa wajinga.

Fundi alikataa kuanza kabla hatujaosha ule unato kwa kitambaa na maji ya sabuni, ukauke kabisa, maana ngozi ikikaa juu ya uteute itateleza tu. Katikati hatufuniki kitu. Pale pana honi, na kwenye gari nyingi pana mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali.

Ile ya manyoya wameichukua watoto wa jirani, wanaendesha nayo basi la mdomo mpaka Bukavu.

Fundi amefumua mara mbili, kwa sababu fundo la uzi lilikuwa linakaa chini ya kidole gumba cha Yaya. Sasa limehamia upande wa ndani. Jumatatu gari inarudi barabarani, nauli ni ile ile.