Kabalagala: Kuteka Kilima na Kukilinda

Mtu atokaye katikati ya mji wa Kampala akashika njia ya Ggaba kuelekea ziwani, hupita kwanza Nsambya, penye hospitali iliyoanzishwa na masista wa Kikatoliki mwaka 1903, na penye makazi ya polisi. Kushoto kwake husimama kilima cha Kibuli, chenye msikiti mkubwa na chuo cha polisi. Akizidi kwenda mbele hufika Kabalagala. Hapo njia hugawanyika: moja hupanda kilima cha Muyenga, na nyingine huendelea Kansanga, Bunga, hata Ggaba yenyewe, kando ya Ziwa Viktoria.

Mchana Kabalagala ni mahali pa kazi kama pengine popote. Kuna maduka, mabenki, mafundi, wanafunzi wa chuo kikuu cha Kansanga, na vijana wa bodaboda wakingoja abiria. Lakini jua likishatua, mahali hapo huvaa vazi jingine. Makaa huwashwa kando ya njia. Kuku na nyama hupangwa juu ya waya, gonja huokwa hata ikawa na rangi ya dhahabu, na mafuta huanza kulia katika vikaango. Milango ya baa hufunguliwa, na muziki hutoka kila upande. Wahabeshi nao wana mikahawa yao, ambamo injera hutandazwa katika sinia moja na wageni wakala pamoja.

Jina lenyewe la Kabalagala lina harufu ya jikoni. Kwa Waganda, kabalagala ni kitumbua bapa cha ndizi mbivu zilizopondwa, zikachanganywa na unga wa muhogo, kisha kikakaangwa katika mafuta mengi. Ni kitamu, ni cha bei nafuu, na mtoto akitumwa dukani huweza kula viwili kabla ya kufika nyumbani. Jirani yake ni rolex, ambayo si saa ya mkononi bali ni chapati iliyokunjwa pamoja na mayai ya kukaanga. Hakuna aibu katika vyakula hivi. Vimelisha wengi wenye mishahara midogo na saa nyingi za zamu.

Sasa msomaji na amfikirie sajini mmoja wa polisi, ambaye hana haja ya kutajwa jina kwa sababu mfano wake unaweza kuwa wa mtu yeyote. Alikuwa na kilo 120. Magoti yalimuuma, usiku alikoroma hata akakatika pumzi, na sukari ilikuwa imepanda katika damu yake. Baada ya kuhangaika miaka mingi, alifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula. Upasuaji huo siku hizi hufanywa Nairobi, na wako Waafrika Mashariki wanaosafiri hadi India kuutafuta. Kilo zikamwagika kama maji. Mkanda wa sare ukatobolewa matundu mapya. Daktari akampunguzia dawa za sukari. Kila aliyekutana naye alimpongeza kana kwamba vita vimekwisha.

Lakini kila jioni, atokapo kazini, njia yake ya kurudi nyumbani hupita pale pale Kabalagala. Daktari alibadilisha tumbo, hakubadilisha barabara.

Askari wa kweli hufahamu tofauti iliyopo kati ya kuteka kilima na kukilinda. Kuteka huweza kuwa kazi ya siku moja, yenye vishindo na sifa. Kulinda ni kazi ya miaka, isiyo na tarumbeta, na adui hupenda kurudi wakati ule mlinzi anaposinzia. Ndivyo ulivyo upasuaji wa unene. Kisu huteka kilima. Kukilinda ni juu ya mwenye mwili na jamaa zake.

Ziko namna mbili za upasuaji huo zijulikanazo zaidi. Katika ya kwanza, daktari huondoa kama robo tatu ya tumbo la chakula au zaidi, likabaki mfano wa mrija. Katika ya pili, hutengeneza kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo na kukiunga na utumbo mwembamba, ili chakula kishike njia ya mkato. Namna zote mbili humfanya mtu ashibe upesi, na zote hupunguza kwa muda ile njaa kali iliyokuwa ikimwamrisha.

Maneno haya ya "kwa muda" ndiyo yapasayo kushikwa. Huko Uswidi, waganga walianza mwaka 1987 kuwafuatilia maelfu ya watu wanene, waliopasuliwa na wasiopasuliwa. Waliofanyiwa upasuaji wa njia ya mkato walipungua sana katika mwaka wa kwanza na wa pili, kwa wastani kama asilimia 32 ya uzito wao. Baada ya miaka 10, upungufu uliobaki ulikuwa kama asilimia 25. Kwa hesabu hiyo, mtu wa kilo 120 angeshuka hadi kilo 82 hivi, kisha angepanda taratibu hadi kilo 90. Habari hii ina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba faida ni kubwa na huweza kudumu. La pili ni kwamba kilo kadhaa kurudi ni jambo la kawaida, wala si dalili ya mtu mbaya au mvivu. Mwili uliopungua huchoma chakula kidogo zaidi kuliko zamani, na njaa huamka polepole. Aibu haisaidii. Kinachosaidia ni kuiona mapema hali hiyo na kurudi kwa daktari.

Hata mashujaa wa uwanjani wamekutwa na jambo hili. Diego Maradona wa Ajentina, ambaye hakuna askari mpenda kandanda asiyemjua, alipasuliwa mwaka 2005 huko Cartagena, Kolombia, akapungua hata ulimwengu ukashangaa. Uzito ukamrudia, na mwaka 2015 akalazimika kupasuliwa tena huko Venezuela. Miguu iliyowapita mabeki wote wa Uingereza mwaka 1986 haikuweza kuukwepa ukweli huo.

Basi, uzito hurudi kwa mlango gani? Aghalabu haurudi kwa mlango mkubwa wa chakula cha mchana, maana tumbo dogo hukataa sinia lililojaa. Hurudi kwa milango miwili ya nyuma. Mlango wa kwanza ni kudokoadokoa: kabalagala moja saa kumi na moja, kipande cha gonja saa kumi na mbili, karanga kidogo saa moja, na hakuna hata mara moja ambapo mtu huhesabu kwamba amekula. Mlango wa pili ni kinywaji. Soda, maji ya matunda yenye sukari na bia havizuiliwi na tumbo dogo. Hupita kama mgeni mwenye kibali. Tena kwa aliyepasuliwa kwa njia ya mkato, sukari nyingi huweza kumletea jasho, moyo kwenda mbio, kizunguzungu na kuhara.

Pombe yapaswa kutajwa peke yake. Baada ya upasuaji, hasa wa njia ya mkato, pombe huingia katika damu upesi na kwa nguvu zaidi. Chupa moja huweza kufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na kadhaa. Waganga wameona pia kwamba baadhi ya watu ambao zamani chakula kilikuwa ndicho kitulizo chao, huhamia kwenye chupa, na mara nyingi hatari hiyo huonekana kuanzia mwaka wa pili. Kwa mtu mwenye silaha, gari la serikali au zamu ya usiku, jambo hili si la mzaha. Aliye salama zaidi ni yule apitaye mbele ya baa za Kabalagala, akawasalimu marafiki, akaenda zake.

Sajini wa mfano wetu alijifunza kusema maneno machache tu. Muuza rolex humwita kwa mbali:

"Afande, karibu! Nikukunjie mbili?"

"Asante, ndugu yangu. Nikaangie mayai mawili matupu, na nyanya na kabeji."

"Na chapati je?"

"Chapati mpe mwenye tumbo zima."

Wote wawili hucheka, na mayai huliwa kwa kutafunwa polepole. Hapo ipo elimu kamili. Kabalagala si adui. Kuchagua ndiko kunakotakiwa. Aliyepasuliwa huambiwa aanze na chakula chenye protini, kisha mboga, na ndizi au wali viwe mwisho. Mara nyingi hutakiwa kupata gramu 60 za protini kwa siku au zaidi. Yai moja lina kama gramu 6. Kipande cha samaki aliyepikwa chenye gramu 100 hutoa 20 au zaidi. Na samaki si wa kutafutwa mbali, kwani barabara hii hii huishia Ggaba, kwenye soko la samaki ziwani. Dagaa, ambao Waganda huwaita mukene, ni wa bei ndogo na wana protini nyingi. Maji hunywewa mbali na chakula, kiasi cha nusu saa baada ya kula, ili tumbo lisioshwe na njaa isirudi mapema.

Kuhusu mboga, mji wa Kampala una haki ya kujivunia. Katika hospitali ya Mulago walifanya kazi madaktari wawili, Hugh Trowell na Denis Burkitt. Mwaka 1960 Trowell alichapisha kitabu juu ya maradhi yasiyoambukiza katika Afrika. Yeye na Burkitt waliona kwamba maradhi mengi yaliyojaa katika hospitali za Ulaya yalikuwa haba kwa wanavijiji waliokula vyakula visivyokobolewa. Waliporudi Uingereza, walieneza habari za nyuzinyuzi za chakula duniani kote, na mwaka 1981 wakatoa pamoja kitabu juu ya maradhi ya maisha ya kizungu. Kwa hiyo mama anayechuma nakati na ddodo nyuma ya nyumba, akapika na maharage, anafuata elimu ambayo wageni waliichota hapa hapa. Tumbo likishapona na daktari akiruhusu, mboga hizo hushibisha bila kunenepesha.

Jambo jingine la urithi ni mwendo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lililinganisha nchi 168, na Uganda ikaonekana kuwa na watu wachache kuliko nchi zote wasiotumia mwili wao vya kutosha: asilimia 5.5 tu, wakati Kuwait walikuwa asilimia 67. Siri yake si viwanja vya mazoezi. Ni jembe, ndoo na miguu. Mtu wa mjini akishapanda bodaboda kwa kila safari, huutupa urithi huo. Na mvua si udhuru. Mwezi wa Aprili 2020, watu walipofungiwa nyumbani kwa sababu ya Korona, Rais Museveni alijionyesha katika filamu fupi akikimbia ndani ya chumba na kupiga pushapu. Chumba cha kambini ni kidogo, lakini chatosha.

Ziko kanuni nyingine ambazo nyumba yenye mgonjwa wa namna hii yapasa kuzijua. Vidonge vya vitamini na madini, hasa vitamini B12, chuma na kalsiamu, ni vya maisha, si vya mwezi mmoja. Anayeviacha huweza kupungukiwa damu au kupata ganzi miguuni. Damu hupimwa mara kadhaa mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka. Dawa za maumivu kama ibuprofeni huweza kuleta vidonda vya tumbo, hivyo zisimezwe bila idhini ya daktari. Sigara iachwe. Mwanamke aliyepasuliwa hushauriwa angoje mwaka mmoja hadi mmoja na nusu kabla ya kushika mimba. Na uzito ukianza kupanda, daktari anazo njia, zikiwamo dawa mpya za sindano. Asiyekwenda kwa kuona haya hujinyima msaada wake mwenyewe.

Kabalagala yenyewe inajua maana ya ulinzi wa kila siku. Usiku wa tarehe 11 Julai 2010, watu walipokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, bomu lililipuka katika mkahawa wa Ethiopian Village hapo Kabalagala, na mengine katika uwanja wa raga wa Kyadondo. Zaidi ya watu 70 walikufa. Wapo askari walioitwa usiku ule ambao hawatausahau. Tangu hapo mifuko ilianza kupekuliwa milangoni, na ilipekuliwa hata katika siku ambazo hapakuwa na habari yoyote ya hatari. Mlinzi mwenye akili hangoji kishindo.

Vivyo hivyo nyumbani kwa sajini. Kila Jumamosi asubuhi mizani huwekwa sakafuni, na mkewe huandika kilo katika daftari la matumizi, chini ya bei ya sukari na sabuni. Zikiongezeka mbili, hakuna kelele wala kejeli. Mama huuliza tu, "Baba, juma hili ulipitia wapi?" Naye husema kweli. Jioni hiyo huwachukua watoto, wakapita kwenye moshi wa makaa bila kusimama, wakashika njia ya mkono wa kushoto ipandayo Muyenga.

Juu ya kilima hicho yamo matangi makubwa ya maji, na kwa sababu hiyo watu hukiita Tank Hill. Maji husukumwa kutoka Ggaba ziwani, yakapandishwa hata huko, kisha yakateremka katika mabomba ya mji. Pampu ikisimama, tangi huanza kupungua saa ile ile, hata kama jana lilijaa pomoni. Sajini hufika juu akihema kidogo, akahesabu watoto wake, akatazama taa za Kabalagala zikiwaka chini. Miaka mitatu iliyopita asingaliweza kupanda hata nusu ya njia. Kesho jioni atapita tena pale chini, na muuza rolex atamwita tena.