Nguvu Haijengwi kwa Siku Moja

Mimi ni mtumishi wa serikali hapa Ibanda, wilayani Kasese, chini ya milima ya Rwenzori. Nina cheti cha ualimu, lakini kazi yangu sasa ni ya kukaa kitini. Nilipotimiza umri wa miaka 33 niliona aibu kuhema kila nipandapo kilima cha kwenda nyumbani. Nikajiwekea ahadi ya kuwa na nguvu katika mwezi mmoja.

Siku ya kwanza nilinyanyua jerikeni la maji la lita 20 mara hamsini. Siku ya nne mgongo ulinishika, nikalala majuma matatu. Mke wangu akabaki peke yake na maji, watoto na kahawa iliyokwisha kuiva. Mimi niliyetaka kuwa nguzo ya nyumba nikawa mzigo wake.

Mzee mmoja jirani, aliyekuwa mchukuzi wa wapanda milima, alikuja kunijulia hali. "Mwalimu," aliniambia, "nani amepata kufika Margherita kwa siku moja?" Kweli, kilele hicho kina mita 5,109. Wapandaji huanzia Nyakalengija, wakalala Nyabitaba, kisha John Matte, Bujuku na Elena, ili mwili uzoee kila kimo.

Hapo nilikumbuka azimio la kazi tulilofundishwa chuoni: jepesi hutangulia gumu, na marudio hutangulia somo jipya. Hata majeshini ndivyo ilivyo. Katika Vita Kuu ya Pili, daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliwatibu askari walioumia magoti kwa kuwanyanyulisha vyuma, akiongeza uzito kadiri nguvu zilivyoongezeka.

Nilipopona nilianza na lita 5, nikipima kwa chupa, maana lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Nilishika jerikeni kwa mikono miwili, nikachuchumaa na kusimama, mgongo umenyooka: vipindi vitatu vya mara kumi, siku tatu kwa juma, na siku ya mapumziko katikati. Kila juma niliongeza lita moja, na kila juma la nne nilipunguza uzito kuwa nusu. Yote niliyaandika daftarini. Mapumziko si uvivu. Misuli hujijenga wakati huo, na kano huimarika polepole kuliko misuli.

Lita 20 nilizifikia juma la ishirini na moja, bila maumivu.

Basi, ndugu askari urudiye kutoka likizo, nawe baba wa nyumba, usishindane na ujana wako wa zamani. Anza na kile unachokiweza leo, na uongeze kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Siku hizi maji ya asubuhi nyumbani kwetu nayachota mimi.