Pishi ya Mchele wa Maulidi

Mzee Karume alipotangaza elimu bure Zanzibar, tarehe 23 Septemba 1964, kijijini kwetu kusini mashariki ya Unguja hapakuwa na sekondari. Mtoto aliyefaulu alikwenda mjini kukaa kwa jamaa, na wasichana wengi hawakwenda. Baadaye wazee wakaamua kujenga wenyewe kwa utaratibu uliozoeleka visiwani: wanakijiji wanapandisha kuta mpaka kwenye linta, Serikali inaezeka na kuleta walimu.

Nilikuwa mdogo, lakini siku zile za kujenga taifa nazikumbuka. Sheha alipiga mbiu usiku. Alfajiri wanaume wako maweni wanavunja, wengine wanapanga magogo ya tanuu la chokaa, na kinamama wanajitwika ndoo za mchanga. Kilimo cha mwani kilikuwa kimeingia pwani yetu mwaka 1989, na wanawake wengi walishika pesa yao wenyewe kwa mara ya kwanza. Pesa hiyo ilinunua saruji, sare na madaftari yetu. Ilitukosesha masomo pia: bamvua likifika, wasichana wako majini na mama zao na darasa limebaki nusu. Walimu wakajifunza kuhesabu mwezi kabla ya kupanga majaribio.

Skuli yenyewe ilipata jina kwa maulidi yake. Mfungo Sita ukiandama, kila nyumba ilipeleka pishi ya mchele, hata nyumba isiyokuwa na mwanafunzi. Ng'ombe alichinjwa usiku, masufuria yakatelekwa uwanjani, na sisi tukasoma barzanji kwa zamu tulizozigombea mwezi mzima. Kisimamo kikipita, nguo zetu zilinukia udi na marashi mpaka kesho yake. Baada ya pilau mwalimu mkuu alisoma matokeo ya mitihani mbele ya kijiji kizima. Nilimsikia mvuvi mmoja, ambaye hakuwahi kukaa darasani, akiuliza: “Mwalimu, mbona mwaka huu hesabu zimewashinda?”

“Mzee wangu, mwalimu wa hesabu kahamishwa. Tusaidiane kuomba mwengine.”

Wiki ile ile wazee walipanda gari kwenda wizarani.

Michango ya wazazi sasa imeondolewa, na hilo ni jema kabisa. Nina wenzangu waliokaa nyumbani kwa ajili ya pesa ndogo. Unguja na Pemba wakandarasi wanajenga skuli za ghorofa zenye maabara ambazo sisi tulikuwa tukizisikia tu. Bahari nayo imepata joto, mwani wenye bei nzuri unakufa, na vijana wamehamia mahotelini. Maulidi bado yanasomwa, ila pilau anapika mtu wa kulipwa, na matokeo wazazi wanayapata kwenye simu. Hakuna anayeuliza kitu.

Sitamani mama yeyote arudi kubeba mchanga kichwani. Lakini aliyeleta jiwe lake alijiona ana haki ya kuuliza, na mzazi wa leo anapita nje ya geti kama mgeni. Hasara hiyo naiona kubwa kuliko faida ya ghorofa.

Ndugu zangu tuliosoma pale, tulio mjini na tulio Muscat na Dubai, Mfungo Sita ujao tupeleke pishi zetu. Na tumwombe mwalimu mkuu asome matokeo kwa sauti, wazee wetu wakiwa wamekaa mbele.