Kibanda Hakiko Kwenye Ramani

Pangani ilikuwa na nyumba 48 za kaunti kabla ya kubomolewa kupisha maghorofa. Sasa Bahati nayo iko kwenye orodha. Kwa mkutano wa wapangaji, vijana walishangilia lifti na choo cha ndani. Wazee walitaka ahadi iliyoandikwa. Mimi nilikuwa natafuta kibanda cha mamangu kwenye ile ramani.

Hakikuwepo. Amekiweka mbele ya nyumba tangu niko nasari: unga, mafuta ya taa, mkate nusu, daftari la madeni. Kodi ilitoka hapo, na karo ya chuo pia, mpaka ikakosa nikarudi nyumbani. Sipingi ghorofa, jamani. Choo cha kugawana na majirani kimenichosha. Lakini maduka yaliyochorwa pale chini yote ni ya vioo.

"Mathe, hayo ni ya nani?"

"Ya mwenye gudwili."

Tukitoka, jirani akamshika mkono. "Mama Otis, niandikie unga pakiti mbili, nalipa mwisho wa mwezi."

Mamangu akatoa daftari mfukoni, akaandika akiwa amesimama.