Waya wa umeme wa Sh14,000

Nimepotea kidogo, kazi zilinizidi. Leo siandiki kuhusu programu. Naandika kuhusu waya, tena waya wa umeme, ule unaotoka ukutani hadi kwenye amplifaya. Ni kisa cha aibu kwangu, lakini nakisimulia kwa sababu kingeweza kuishia pabaya.

Nyumbani nina amplifaya ya mtumba, spika mbili kubwa na mashine ya CD. Jioni nikitoka kazini husikiliza rumba na taarab kidogo kabla ya kulala. Mwaka jana niliunganisha tarakilishi yangu na amplifaya hiyo ili nicheze muziki niliohifadhi humo. Papo hapo ukaanza mvumo: mmmmm, mzito, haukatiki hata muziki ukisimama. Fidla ikibaki peke yake, unausikia chini yake kama nyuki ndani ya mtungi.

Nikaenda mjini, Luthuli Avenue. Muuzaji mmoja akanisikiliza, akatikisa kichwa. "Mkubwa, umenunua gari zuri halafu unalitilia mafuta ya taa." Kumbe tatizo ni waya wa umeme, ule mweusi wa kawaida unaofanana na wa tarakilishi. Akanitolea mwingine, mnene kama mpini wa jembe, umesukwa nailoni, pini zinang'aa rangi ya dhahabu. Sh14,000. Nikalipa.

Nilipouchomeka, mvumo ukaisha. Kabisa! Nikamwita mke wangu aje asikie. Siku zilizofuata nikaanza kusikia na mengine: besi imejaa, mwimbaji amesogea mbele, matari yanasikika moja moja. Ofisini nikawa mhubiri wa waya.

Ikapita kama miezi miwili. Jumamosi moja nilichomoa tarakilishi nikaipeleka chumba kingine, nikaacha CD ikicheza. Binti yangu wa miaka 6, ametoka kuoga, akaenda kuongeza sauti. Akaurudisha mkono haraka.

"Baba, redio inaniuma vidole."

Nikaigusa kwa mgongo wa kidole. Kweli, inatekenya. Nikazima, nikachomoa, nikatafuta mita. Waya wa zamani, nikipima kutoka pini ndefu ya plagi hadi tundu la katikati upande wa pili, mita inalia. Huu mpya, kimya. Nikafungua plagi. Waya wa kijani na njano, yaani waya wa ardhi, ulikuwa umekatwa, ukakunjwa, ukafungwa utepe. Si kwamba ulichomoka. Mtu aliukata.

Nikaketi chini. Hapo ndipo niliuelewa ule mvumo.

Tarakilishi na amplifaya zilikuwa kwenye soketi mbili tofauti, kila moja na waya wake wa ardhi. Nilipoziunganisha kwa kebo ya sauti, ukatokea mzunguko: kutoka soketi moja, kupitia vifaa, hadi soketi nyingine, na kurudi ndani ya ukuta. Mkondo mdogo huzunguka humo kwa mapigo ya umeme wetu, 50 kwa sekunde, pamoja na vigawe vyake. Amplifaya haijui kuwa huo si muziki, inaukuza tu. Ukikata waya wa ardhi, mzunguko unavunjika na mvumo unanyamaza. Ila sasa kasha la chuma limepoteza kinga yake. Kwa miezi miwili lilikuwa likishikiliwa na kile kinyuzi chembamba cha kebo ya sauti, na nilipotoa tarakilishi hata hicho kikaondoka. Siku waya wa moto ungegusa kasha, fyuzi isingekatika, maana umeme usingekuwa na njia ya kwenda ardhini. Njia ingekuwa mtoto wangu.

Niliuunganisha waya ule uliokatwa. Mvumo ukarudi vilevile, na waya wa Sh14,000 ukiwa mahali pake.

Dawa yenyewe ilikuwa rahisi. Nilichomeka amplifaya na tarakilishi kwenye ekstensheni moja, na sehemu kubwa ya mvumo ikatoweka. Uliobaki niliumaliza kwa transfoma ndogo ya sauti inayokaa katikati ya kebo, inapitisha muziki bila kuunganisha ardhi za vifaa viwili.

Ikabaki ile besi. Nilikuwa nimeisikia kwa masikio yangu! Nikapiga hesabu. Waya wa kawaida wa mita 1.5, wenye shaba ya milimita 1 ya mraba, kwenda na kurudi una ukinzani wa kama omu 0.05. Amplifaya ikivuta ampea 1, volti inayopotea ni 0.05 kati ya 240. Nyumbani kwangu nimepima volti 229 saa mbili usiku na 243 alfajiri. Tena umeme huo umetoka Olkaria au mabwawa ya mto Tana, ukapita kilomita nyingi za nyaya na transfoma kadhaa. Ukifika ndani ya amplifaya, transfoma nyingine inaushusha, dayodi zinaunyoosha, kapasita zinaulainisha. Muziki unachotwa hapo. Mita moja na nusu ya mwisho ibadilishe nini?

Hata hivyo hesabu si masikio, kwa hiyo nikamwita shemeji. Nikaandika programu fupi ya kubahatisha waya gani utumike, yeye anachomeka nyuma ya pazia, mimi najibu. Mara 16, wimbo mmoja, sauti kiwango kimoja. Kwa kubahatisha tu, uwezekano wa kupata 12 au zaidi ni chini ya 4 kwa 100, nikasema nikifika 12 nitaamini. Nilipata 7. Shemeji bado ananicheka.

Siko peke yangu. Mwaka 2004 huko California wapenzi wa muziki walijaribiwa hivyohivyo, waya wa kawaida dhidi ya wa bei ghali. Majibu sahihi yalikuwa 73 kati ya 149.

Sisemi waya hauna maana kabisa. Plagi iliyolegea itakwaruza, na waya mwembamba kupita kiasi utapata joto. Lakini kazini nikimwona kijana anabadilisha programu kabla ya kupima inakwama wapi, humgombeza. Nyumbani nilifanya lilelile, kwa Sh14,000.

Nilirudi kwa muuzaji. Hakukana. "Wateja wanataka mvumo uishe, mkubwa." Pesa hakurudisha. Waya wenyewe, baada ya kuutengeneza, unaendesha skrini ya tarakilishi, na herufi zinasomeka vilevile.

Ombi langu ni moja. Kama mvumo wa redio yako uliisha ghafla baada ya fundi au muuzaji kukubadilishia waya, uchomoe leo, upime kutoka pini ndefu hadi tundu la katikati. Mita isipolia, usiurudishe ukutani. Kama huna mita, azima.