Pini Tatu

Utepe mwekundu ulikuwa umeloa umande, na mkononi mwangu mlikuwa na pini mbili. Zilipaswa kuwa tatu.

Ilikuwa mwaka 1979, masika yameanza, Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro. Nilikuwa na miaka 21, fundi msaidizi, miezi michache tu tangu niteremke kutoka Sanya Juu. Zamu ya alfajiri ilinilazimu kulala Boma Ng'ombe, maana kutoka nyumbani giza lile hapakuwa na gari.

Ndege ilikuwa Fokker Friendship, yenye mabawa juu ya mwili na pangaboi mbili. Ikilala uwanjani, miguu yake hutiwa pini za chuma ili isije ikajikunja. Asubuhi fundi huzing'oa, husimama mbele upande wa kushoto, na kumwinulia kapteni moja moja aone. Masikioni nilivaa hedifoni zilizochomekwa kwenye ndege, kwa hiyo niliwasikia marubani wakisoma cheklisti, kadi yao ya ukaguzi.

Wapo wanaodhani kadi ile humwelekeza rubani la kufanya. Sivyo. Mikono yao ilikuwa imeshapita kwenye swichi zote, kwa mpangilio waliouzoea. Ndipo rubani msaidizi alipoanza kusoma, mstari kwa mstari, na kapteni hakujibu mpaka ametazama. Mafuta? Kifungio cha usukani? Altimeta? Hapo kila mmoja alitaja ya kwake, baada ya kuiweka kwa kanieneo ya hewa waliyopewa na mnara. Sindano zote mbili zilipaswa kukaribia futi 2,932, kimo cha uwanja wetu. Mstari ule niliupenda kuliko yote. Ndani ya mawingu, karibu nasi, ulikuwepo mlima wa mita 5,895 ambao asubuhi ile hakuna aliyeuona.

Pini?

Kapteni alifungua kidirisha. "Naziona mbili, kijana."

Mwili ulinifa ganzi. Nilikuwa nimeng'oa mbili za nyuma, nikaitwa kusaidia kusukuma toroli la mizigo, na niliporudi akili iliniambia kazi imekwisha. Ya mbele ilikuwa bado mahali pake. Ndege ingepaa, mguu ule ungegoma kujikunja, na wangelazimika kurudi kutua na abiria wao.

Nilikimbia, nikaing'oa, nikaziinua zote. Nikamsikia rubani msaidizi akitaka kuendelea pale walipoishia. Kapteni akamkatiza: "Anza juu."

Wakaanza juu. Mafuta, kifungio, altimeta, yote ambayo dakika chache tu zilizopita yalikuwa yameshajibiwa, huku abiria wamefunga mikanda wakisubiri. Kapteni hakuharakisha neno hata moja. Mimi niliyeponzwa na toroli nilielewa papo hapo kwa nini.

Siku mbili baadaye nilimkuta kapteni kantini, nikamwomba radhi. Aliniagizia chai. Nikamwuliza, "Mzee, kadi ile si mnaijua kwa ghibu?"

"Ndiyo maana tunaisoma," alisema. "Kitu ukikizoea, jicho linakuonyesha ulichotarajia kukiona."

Akanisimulia habari ya Oktoba 30, 1935, huko Dayton, Ohio. Ndege mpya ya Boeing yenye injini nne iliinuka, ikapandisha pua kupita kiasi, ikaanguka na kuwaka moto. Kifungio cha usukani, kile kinachozuia upepo usichezeshe mabawa ya mkia ndege ikiwa imeegeshwa, hakikuwa kimefunguliwa. Aliyeirusha, Meja Ployer Hill, alifariki. Leslie Tower, rubani wa majaribio wa Boeing, alifariki baadaye kwa majeraha. Wote wawili walikuwa wabobezi. Baada ya msiba ule, jeshi la Marekani likawatengenezea marubani wake orodha za ukaguzi. Nilinyamaza muda mrefu. Kifungio kile kile nilikuwa nikikisikia kikitajwa kila zamu, na nilikichukulia kama mstari wa kupita tu.

Lakini kabla ya chai ile kulikuwa na kupaa kwenyewe. Nilikabidhi pini mlangoni, mlango ukafungwa, pangaboi zikazunguka. Wenzangu waliondoka kwenda kunywa uji. Mimi nilibaki maegeshoni, mikono mitupu, mpaka ndege ilipokimbia na kuinuka. Mguu wa kushoto ukaingia. Wa kulia ukaingia. Wa mbele ukaingia. Nilikuwa nikihesabu kwa sauti.