Mizani ya Safari ya Lituhi

Katika ushairi nilifunzwa kwamba mizani ni hesabu ya silabi: 8 za ukwapi, 8 za utao. Maana nyingine, ile ya uzito, nilifunzwa na mjomba wangu, dereva wa Land Rover, masika moja tulipotoka Songea kwenda Lituhi, mwambao wa Ziwa Nyasa.

Baada ya Kitai barabara ilikuwa tope tupu. Aliyepakia ni mimi. Madumu mawili ya maji na masanduku ya vitabu niliyapandisha kwenye keria. Mito na mablanketi nikayaweka chini, tukae kwa raha. Kwenye kona ya mteremko gari liliinama, magurudumu ya upande mmoja yakaacha ardhi. Likarudi. Hakuna aliyesema neno.

Mjomba alisimama, akashusha kila kitu.

“Lita moja ya maji ni kilo moja, mwanangu. Madumu haya ni kilo 40, nawe umelitwika gari kichwani.”

Tukapanga upya: vizito chini, katikati ya ekseli mbili, vikiwa vimekazwa kwa kamba, vyepesi juu. Sanduku moja la vitabu lilikosa nafasi. Tuliliacha kwa wenyeji.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Siku ile mwenzangu alikuwa gari, na mzigo wake niliuona usufi. Tangu hapo, kabla ya kuhesabu silabi za ubeti, hujiuliza kwanza neno lipi ni zito, likae wapi, na lipi libaki njiani.